Deni limeniletea ugonjwa, au ubongo wangu ndio umeharibika? Naomba kueleweshwa

Mama Vitenge

Wakuu, habari za usiku. Naandika hii saa tisa na nusu usiku, maana ndio muda wangu wa kuamka siku hizi, nitake nisitake.

Nauza vitenge na mashuka hapa Morogoro. Mwaka jana kuelekea sikukuu niliongeza mzigo kwa mkopo, ile tunayoiita kausha damu, rejesho kila siku jioni. Mwanzoni nilikwenda nao vizuri. Ikaja Januari, na Januari mnaijua, ada za shule zimekomba hela za kila mtu, biashara ikalala. Nikakopa kwingine ili nilipe kule. Sasa nadaiwa sehemu mbili, na afisa mikopo wa kule kwa kwanza ana tabia moja: anakuja kusimama mbele ya meza yangu wakati nina wateja. Hasemi kitu. Anasimama tu anachezea simu mpaka wateja waondoke.

Lakini deni lenyewe silo lililonileta hapa, madeni yapo na watu wanaishi. Ni mwili. Moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Simu ikiita, hata kama ni mwanangu anaomba hela ya daftari, viganja vinalowa jasho. Nimepima presha, iko sawa. Nimepewa dawa za vidonda vya tumbo, hazikubadilisha kitu. Chakula sikitamani, mimi niliyekuwa namaliza wali wangu naanza kuangalia sahani ya jirani. Na zamani mzigo mpya ukiingia nilikuwa nakata kamba hapo hapo, natandaza kitenge kimoja kimoja, napiga picha naweka status. Bando la mwisho liko chini ya meza na kamba zake tangu lishushwe.

Nikaenda kituo cha afya. Daktari kijana, mpole, akanisomea maswali kwenye karatasi, akasema nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, pamoja na wasiwasi uliopitiliza, kwamba "kemikali za ubongo zimepungua". Akaniandikia dawa ya sonona, amitriptilini ya miligramu 25, nimeze usiku. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, sikuuliza zaidi.

Swali langu ni hili. Kama kemikali zimepungua, mbona zimesubiri nikope ndio zipungue? Na kama tatizo ni deni, kidonge kitanilipia rejesho? Mume wangu anasema ni mawazo tu, niache kuwaza. Mama mkwe anasema nimepigwa chuma ulete. Dawa nimeanza, mdomo unakauka mpaka ulimi unanata, usingizi umeongezeka kidogo ila roho iko vile vile. Niendelee au niache?

Kijana wa Kihonda

Pole sana dada. Achana na madawa hayo, utakuwa teja. Hiyo kemikali ya ubongo, serotonini, iko kwenye ndizi mbivu. Kula ndizi kila asubuhi na parachichi, fanya zoezi, utakuja kunishukuru.

Sista Mstaafu

Mama Vitenge, pole mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nimestaafu, niko Iringa na kuku wangu. Jibu ni refu, vuta kiti.

Kwanza, usiache dawa kwa sababu ya hoja za humu. Pili, nakuuliza mbele ya watu kama nilivyokuwa nauliza wodini, bila kuzunguka: kuna wakati unawaza kujiua, au kwamba bora ulale usiamke? Watu wanaogopa kuuliza wakidhani watampandikizia mtu wazo. Haliingii kwa kuulizwa. Kama jibu ni ndiyo, usingoje tarehe ya kliniki, nenda asubuhi na mtu wako wa karibu, na hizo dawa azitunze yeye.

Sasa swali lako. Daktari hakukudanganya, amekupa maelezo ya watu walio kwenye foleni. Maelezo hayo yana historia. Mwaka 1952 katika hospitali ya Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wanajaribiwa dawa inaitwa iproniazidi. Ghafla watu waliokuwa wamelala wakisubiri kufa wakachangamka, wakaanza kudai chakula na kupiga soga. Baadaye ikajulikana dawa ile inazuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini, kwa hiyo hizo kemikali zinabaki nyingi kati ya seli na seli za ubongo. Miaka hiyo hiyo ilikuwepo dawa ya presha, reserpini, iliyokuwa inazipunguza, na baadhi ya walioimeza wakazama kwenye huzuni. Wataalamu wakajumlisha: zikipungua ni sonona, zikiongezeka ni nafuu. Fluoksetini, dawa ya sonona inayoongeza serotonini, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hesabu hiyo ikageuka tangazo la biashara, na ndiyo iliyofika mpaka kwenye kituo chako.

Shida ni kwamba hesabu haifungi. Ukimeza dawa za aina hii, serotonini inaanza kuongezeka ndani ya saa chache, lakini roho inapata nafuu baada ya wiki mbili, nne, wengine sita. Kama kazi ingekuwa kujazia kilichopungua tu, ungeamka kesho yake unaimba. Na mwaka 2022 daktari wa akili Joanna Moncrieff wa London na wenzake walipitia tafiti za miongo kadhaa, hawakukuta ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu. Wapo waliodandia hapo wakatangaza kwamba dawa zote ni uongo. Hao nawakatalia. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona kwa watu wazima, na zote zilikishinda kidonge kisicho na dawa ndani, japo si kwa pengo kubwa. Iliyoongoza kwa nguvu ni hii hii amitriptilini yako ya bei ya chini. Lawama yake ni madhara, na ulimi wako umeshayaonja.

Deni linaingiaje kichwani sasa? Huyo afisa akisimama mbele ya meza hajakugusa, ila ubongo umeshasoma hatari. Inatangulia homoni ya adrenalini: moyo mbio, viganja jasho, damu inalikimbia tumbo inakwenda kwenye misuli, ndiyo maana ukatibiwa vidonda vya tumbo. Hiyo ni ya dakika. Nyuma yake inakuja njia ya polepole. Hipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo, inaiamsha tezi ya pituitari. Pituitari inaziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Nazo zinamwaga kotisoli, homoni ya msongo. Usiichukie kotisoli. Ndiyo inayopandisha sukari kwenye damu upate nguvu, na kila siku inashuka kabisa karibu na usiku wa manane, halafu inaanza kupanda kuelekea alfajiri ili ikuamshe. Kuamka saa kadhaa kabla ya wakati wako na roho nzito ni dalili ya sonona inayojulikana tangu zamani. Saa tisa yako si jini.

Kotisoli ina kizuizi chake. Ikishajaa, ubongo unaihisi, hasa sehemu inayoitwa hipokampasi, na unaamuru tezi zipumzike. Fikiria boya la tangi la maji: maji yakifika juu, boya linafunga bomba. Rejesho la kila jioni maana yake bomba linafunguliwa kila siku kwa nguvu zote, na boya halipewi siku ya kupumzika, mwisho linalegea. Kwa wagonjwa wengi wa sonona kali, siyo wote, tulikuwa tunafundishwa kwamba kotisoli iko juu na haishuki hata pale inapotakiwa kushuka.

Kuna jaribio la Bangalore, India, ambalo sijawahi kulisahau. Waliwabana panya saa 2 kila siku kwa siku 10. Kwenye hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu, matawi ya seli yakasinyaa. Kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu, yakarefuka na kuongezeka. Kisha wakawaacha panya siku 21 bila kubughudhiwa. Hipokampasi ikarudi kama zamani. Amigdala haikurudi. Panya si mtu, najua, ila nimeitaja makusudi: siku utakayomaliza madeni, simu ikiita na viganja vikalowa, usije ukasema nimerogwa kweli. Hofu inachelewa kuhama.

Na kama mumeo anabisha kwamba homoni haiwezi kubadilisha roho ya mtu, mwambie awaulize waliowahi kupewa prednisoloni kwa dozi kubwa, kwa pumu au baridi yabisi. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli. Wapo wanaokosa usingizi, wapo wanaochangamka kupita kiasi, wapo wanaolia bila sababu. Tuliwapokea wodini hawadaiwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo deni ndilo lililoanza, na kemikali ndiyo njia lililopitia kuingia mwilini. "Mawazo tu" nayo yanakaa kwenye ubongo, hayakai kwenye kapu. Kidonge hakilipi rejesho, hilo uko sahihi kabisa. Kinachotarajiwa ni kwamba baada ya wiki kadhaa ulale, ule, na uweze kufungua daftari la madeni bila mikono kutetemeka.

Dereva wa Narok

Hamjambo kutoka Narok, Kenya. Mimi ni dereva wa watalii, si daktari, lakini habari ya kotisoli nimeisimulia kwenye gari miaka mingi kwa sababu ya nyani wetu wa mbuga ya Maasai Mara.

Kuna profesa Mmarekani, Robert Sapolsky, alianza kuja huku mwaka 1978. Alikuwa akiwapiga nyani mshale wa usingizi, anatoa damu, anapima homoni. Nyani wa chini katika kundi, yule anayenyang'anywa chakula na kupigwa na kila anayepita, kotisoli yake iko juu hata siku ambayo hakuna aliyemgusa. Nyani wa juu, kotisoli yake iko chini, inapanda vita ikitokea, kisha inashuka upesi.

Wageni wakisikia hivyo husema basi, ni cheo. Nawaambia ngojeni. Katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kilitoka kwenye jaa la hoteli ya watalii. Katika kundi moja, madume waliokuwa na ubavu wa kwenda kupigania hilo jaa na kundi la pale ndio wakali kuliko wote, na ndio waliokufa. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likatulia. Wakawa wanakaa karibu karibu, wanasafishana manyoya sana, na nyani wa chini hawakuwa tena na zile dalili za msongo. Ngazi zilikuwepo bado, na wa chini alikuwa bado wa chini, ila hakuna aliyemmalizia hasira zake. Walichapisha mwaka 2004.

Sasa mama, huyo wa mkopo hatuwezi kumpeleka jaani. Lakini nakuuliza: huko sokoni ni nani anakusafisha manyoya?

(Nyani wenyewe msiwaonee huruma sana. Juzi mmoja aliingia dirishani akatoka na chakula chote cha mama mmoja Mjerumani, hata leso.)

Duka la Dawa

Kijana wa Kihonda, ndizi ina serotonini kweli, lakini serotonini ya ndizi haivuki ule ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Inaishia tumboni, ambako tayari ndiko inakokaa karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili. Na amitriptilini haimfanyi mtu teja. Yenye uteja ni diazepamu, ambayo kila jioni kuna mtu anainama dirishani kwangu ananong'ona "ya usingizi tu, nipe hata mbili".

Mama Vitenge, usiichanganye amitriptilini na pombe wala na hiyo diazepamu. Ukiamka, kaa kitandani kwanza ndio usimame, maana presha hushuka ghafla ukapata kizunguzungu. Choo kitakuwa kigumu, ongeza maji na mboga. Mdomo mkavu, tafuna bigijii isiyo na sukari. Ukiona haja ndogo inagoma kutoka, rudi kwa daktari. Na ufungie mbali na watoto, hapa sitanii, dawa hii ikizidi inashambulia moyo, na kwa mtoto mdogo hata vidonge vichache ni hatari.

Mama Vitenge

Asanteni wote. Sista, shikamoo. Kujiua hapana. Kulala nisiamke nimewahi kuwaza, siyo mara moja. Baada ya kusoma ulichoandika nimempa dada yangu dawa, ananiletea cha usiku mmoja.

Dereva, swali la manyoya limenichekesha halafu likaniliza. Tulikuwa na kikundi cha vikoba, wanawake wa hapa hapa sokoni, kila Jumamosi tunakaa nyuma ya mabanda ya nyanya. Nimeacha kwenda. Nitaingiaje kwenye kikao cha kuweka akiba na mimi nadaiwa kila kona? Wakipita mezani najifanya napanga mashuka.

Sista, 25 hii ndiyo dozi ya kuponya? Na nikishapata nafuu naacha?

Sista Mstaafu

Marahaba. Kumpa dada yako umefanya jambo la maana. Na hayo maneno ya kulala usiamke mwambie daktari kama ulivyoyaandika, usiyapunguze makali, na umuone wiki hii.

25 ni ya kuanzia. Kwa sonona mara nyingi hupandishwa kidogo kidogo mpaka 75 au zaidi, na anayepandisha ni daktari, siyo wewe wala sisi. Wengi huishia kwenye 25, wanalala vizuri, roho haipandi, wanasema dawa haifai. Madhara yakikushinda ipo fluoksetini, inamezwa asubuhi na haikaushi mdomo hivyo. Ukipata nafuu endelea angalau miezi 6, kisha dozi ipunguzwe taratibu. Ukikata ghafla utapata kichefuchefu, usingizi utavurugika, na utadhani ugonjwa umerudi.

Ukirudi, muombe akupime wingi wa damu na tezi ya shingo. Tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi moyo unakwenda mbio, unatoka jasho na mikono inatetemeka. Ikilegea unachoka na kuzama. Nimeona mama akimeza dawa za wasiwasi wakati shida iko shingoni.

Kuhusu vikoba, ngoja nikupeleke Zimbabwe. Kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mitaani Harare kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi anakuacha umwage yote, halafu anakwambia chagua moja. Mnapanga hatua moja ya wiki hii, ukirudi anauliza imefikia wapi. Walipopima, utafiti ukatoka mwaka 2016: baada ya miezi 6, katika kundi la benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100, na katika kundi la huduma ya kawaida kama 50. Wale kina bibi hawakuwa na shahada.

Wewe chagua moja. Mimi ningechagua yule wa kusimama mbele ya meza, maana ndiye anayefungua bomba kila siku. Nenda ofisini kwao na mdhamini wako kabla hujafungua biashara, uombe rejesho liwe la wiki. Mkopo wa tatu usichukue hata ukibembelezwa. Na Jumamosi nenda nyuma ya mabanda ya nyanya. Nakuhakikishia nusu ya waliokaa pale wanadaiwa, wanakuficha kama unavyowaficha.

Mhasibu Mkonga

Naongezea hapo kwenye mkopo. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji wa aina hiyo lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Ukienda, waombe nakala ya mkataba wako na waulize namba ya leseni. Uliza kwa upole, ukiwa na kalamu mkononi. Wapo wanaolegea hapo hapo.

Kijana wa Kihonda

Sawa nimeelewa kuhusu ndizi, msinipige mawe. Na zoezi nalo ni uongo?

Sista Mstaafu

Zoezi ulipatia. Kukimbia au kutembea kwa kasi kunaongeza ubongoni protini inayosaidia seli kuotesha matawi upya, na hipokampasi ni moja ya sehemu zinazofaidika. Dawa za sonona nazo zinaonekana kuiongeza, taratibu, na huenda ndiyo sababu nafuu inachukua wiki. Ndizi ale tu, ila ale kwa njaa.

Mama Vitenge, asubuhi nenda sokoni kwa miguu, nusu saa ya mwendo wa haraka inatosha. Nauli ya bodaboda iingie kwenye rejesho.